Tulikusomesha Uje Kuchonga Mipini?

Ndugu zangu, leo naomba niwaache wanasiasa wapumzike kidogo. Wataendelea kuwepo, hawana pa kwenda. Leo nataka kuongelea mipini. Naam, mipini. Siyo ya majembe wala ya visu, bali mipini ya fimbo za kuvulia samaki, ambayo mimi mwandishi wenu nimekuwa nikiitengeneza barazani kwangu kila mwisho wa wiki kwa mwaka wa tatu sasa. Na nataka kuwaongelea watu wanaodhani kwamba kufanya hivyo ni dalili kuwa maisha yamenishinda.

Orodha yao ni ndefu. Yuko mshkaji wangu wa chumba cha habari anayeniuliza kila Jumatatu kama bado nanuka gundi. Yuko jirani ambaye hajawahi kulalamika hata siku moja kuhusu baa inayopiga muziki mpaka saa tisa usiku, lakini drili yangu ikilia dakika kumi saa nane mchana, tayari yuko dirishani. Na yupo baba mdogo. Huyu namheshimu sana, maana ndiye aliyenilipia ada kidato cha tano na cha sita. Alikuja kunitembelea Jumapili moja akanikuta nimevaa barakoa, vumbi mpaka kwenye nyusi. Shikamoo, marahaba, akakaa. Akatazama drili, akatazama msasa, akanitazama mimi.

"Mwanangu, tulikusomesha uje kuchonga mipini?"

Nikamwambia, "Baba, ni kazi ya mikono tu ya mwisho wa wiki, na inanilipia umeme."

"Kazi ya mikono wanayo wasiosoma," akasema. "Wewe unayo ya kichwa."

Sasa jamani, mkubwa akisema hivyo huwezi kubishana naye barazani. Unamletea chai. Lakini hapa ni kwangu, nitabishana. Sibishani na baba mdogo peke yake, maana maneno yale hakuyatunga yeye. Hiyo ndiyo sera ya elimu isiyoandikwa popote, tunayoifuata wote kwa uaminifu kuliko zile zilizoandikwa: kwamba kichwa na mikono ni vitu viwili, kwamba ukikipata kimoja unaachana na kingine, na kwamba cheti ni leseni ya kutoshika tupa.

Basi ngoja niwaeleze kazi hii ya "wasiosoma" inavyokwenda, halafu mniambie kichwa kinapumzika wapi.

Fimbo ya kuvulia huanza na ufito. Siku hizi ni wa faiba au kaboni, mtupu ndani, mnene nyuma na mwembamba mbele. Kabla hujafanya lolote unautafuta upande wake mgumu: unaegemeza ncha ya nyuma chini, unaukandamiza katikati huku ukiuzungusha, na utauhisi unaruka wenyewe kuelekea upande mmoja. Ukifunga pete za kupitishia mshipi bila kujali upande huo, mfano ufito huo unaweza kuwa unajipindapinda mkononi kila ukivuta samaki.

Baada ya hapo ndipo unakuja mpini. Mpini mzuri hujengwa kwa vipande vya duara vyenye tundu katikati, vinavyogundishwa kimoja juu ya kingine kama sarafu. Vya koki vinavyouzwa huwa na unene wa milimita 13 hivi, kwa hiyo mpini wa sentimita 18 unataka vipande 14. (Koki ninayosema siyo ya bomba la maji. Ni lile gamba la mti linalotengenezewa vizibo vya mvinyo.) Mimi navipanga kwenye bolti ndefu niliyoipaka nta ya mshumaa ili gundi isiing'ang'anie, naweka washa na nati kila upande, nakaza, naacha mpaka kesho yake. Kesho yake bolti inaingia kwenye drili, drili inabanwa kwenye jiliwa, na hapo unayo mashine ya kukerezea. Unaanza na msasa namba 60, unakuja 120, 240, unamalizia na 400. Ukiongeza haraka kidogo umekula milimita mbili ambazo hazirudi.

Halafu linakuja lile tundu. Kwa kuwa ufito ni mnene nyuma na mwembamba mbele, tundu nalo lazima lipanuke kidogo kidogo kwa mwendo huohuo, na hakuna fito mbili zinazofanana sawasawa. Huwezi kutoboa tu kwa drili ukasema yamekwisha. Kifaa changu ni kipande cha fimbo iliyovunjika nilichokizungushia msasa kwa gundi, kama bendeji. Unaingiza, unazungusha mara tano, unatoa, unajaribu kwenye ufito. Unaingiza tena. Mpini ukilegea, gundi itabeba kazi isiyo yake na siku moja utabaki na mpini mkononi, fimbo iko baharini.

Lakini yote hayo ni ufundi wa kawaida, utaujua kwa mwezi mmoja. Kinachoufanya mpini uwe wa mtu fulani na siyo wa dukani ni vipimo. Namuomba mteja anishikie bomba la unene tofauti tofauti mpaka vidole vyake vikaribie kiganja bila kukibana. Napima kutoka kwenye kiwiko mpaka pale rili itakapokaa, kwa sababu sehemu ya nyuma ikizidi itamgonga mbavuni kila akirusha, ikipungua atakosa pa kuegemeza samaki akiwa mzito. Mwenye baridi yabisi vidoleni nampa mpini mnene zaidi ili asilazimike kukunja ngumi. Fimbo ya kiwandani imepimwa kwa mkono wa kati, mkono wa mtu ambaye hajawahi kuzaliwa.

Na hapa ndipo wale wanaoniambia "hii ni starehe ya wazungu" wananichekesha. Hivi sisi si ndio watu wa kushonesha? Kuna nani kati yenu ambaye hajawahi kusimama mbele ya fundi cherehani, mikono juu, anapimwa kifua, kiuno na urefu wa mkono, kila kitu kinaandikwa kwenye daftari lililochakaa? Sare za harusi, sare za shule, suruali ya usaili wa kazi. Kitu cha kupimiwa ni jambo tunaloliishi kila mwezi. Kule Marekani na Uingereza mwenye suti ya kupimiwa ni mtu mwenye pesa. Kwetu ni kila mtu. Sasa iweje kupimiwa suruali kuwe kwetu, kupimiwa mpini kuwe kwa wazungu?

Hata kukereza ni neno letu, tena la zamani. Miguu ya vile vitanda vya kale vya Lamu na Unguja mnavyovipiga picha mkienda likizo ilikerezwa na mafundi wa pwani hii, hata drili ya umeme haijaota. Kwa hiyo nisisikie eti nimeiga. Kama kuna kuiga, ni kule kuuacha ufundi wetu halafu kuurudia baada ya kuuona kwenye video.

Mtaniambia pwani yetu mvuvi wa riziki havui kwa fimbo. Kweli kabisa. Anavua kwa nyavu, kwa dema, kwa mshipi wa mkono, na sina mpango wa kwenda kumfundisha kazi yake. Fimbo ni ya anayevua kwa mapenzi na ya mtalii. Lakini watalii hao wapo, na siyo wa jana. Ernest Hemingway alikuja kuvua Malindi mwaka 1934. Leo wanakwenda Watamu, Mafia, mkondo wa Pemba, wanakwenda kutafuta sangara Rubondo na Murchison, wanafuata kibebe kwenye mito ya Kilombero. Wanashuka na fimbo zao kwenye mirija mirefu kama mabomba ya maji. Zikivunjika, au mpini ukimomonyoka kwa chumvi na jua, mwenye boti anaagiza nyingine kutoka nje na kusubiri wiki kadhaa. Wateja wangu wa kwanza walipatikana hivyo, kwa kutengeneza kilichoharibika.

Kama bado mnadhani hakuna soko, tazameni majirani zetu Kenya. Wale wadudu bandia wa manyoya na nyuzi, wanaofungwa kwenye ndoano ndogo kuliko kucha ili kumdanganya samaki, Wakenya wamekuwa wakiwafunga kwa mkono tangu miaka ya 1930, walowezi walipokuwa wakivua trauti kwenye mito ya Mlima Kenya na Aberdare. Mpaka leo wanawafunga kwa maelfu katika karakana ndogo, wengi wao ni akina mama, na wanauzwa madukani Ulaya na Marekani. Mvuvi wa Scotland anayejiona yuko kwenye utamaduni wa babu zake, mara nyingi kwenye ncha ya mshipi wake kuna kazi ya mikono ya mama wa Kenya. Zana zenyewe ni jiliwa dogo, mkasi, uzi na macho. Hakuna aliyengoja mwekezaji aje na bomba la moshi.

Sasa tuje kwenye kinachoniuma hasa.

Mpini wangu bora una vitu viwili. Sehemu ya kushika ni koki. Vipande viwili vya mwisho, huku na huku, pamoja na kikalio cha rili, ni mpingo. Mpini mzima wa mpingo ni ujinga, maana koki ni nyepesi kuliko mpingo mara tano na zaidi, na mpingo ukiutia majini unazama kama jiwe. Lakini vipande hivyo viwili vyeusi vinavyong'aa, vikikaa kando ya koki ya rangi ya asali, mtu anaushika mpini kabla hujamwambia bei.

Fikirieni vitu hivyo viwili vinatoka wapi. Koki inatoka Ureno, nchi inayotoa takriban nusu ya koki yote duniani. Mti haukatwi. Unabanduliwa gamba, unaachwa miaka 9, unabanduliwa tena, na sheria yao inaulinda. Na Mreno haishii kuuza magamba. Anauza kizibo kilichokamilika, anauza sakafu, anauza hivyo vipande vyangu vya milimita 13 vikiwa vimekwishatobolewa tundu.

Mpingo unatoka kwetu. Unakua taratibu mno, miaka 60 na kuendelea ndipo ufae. Ndio unaotengenezewa klarineti, obo na zumari za Scotland. Na sisi tunauuza vipi? Vipande. Vipande vya mstatili vilivyopakwa nta mwisho visipasuke, ndani ya kontena. Kampuni moja ya Ufaransa, Buffet Crampon, ina klarineti inayotengenezwa kwa unga wa mpingo uliochanganywa na nyuzi za kaboni na gundi. Unga! Vumbi ninalolifagia mimi barazani, wenzetu wanalipigia muziki. Huku kwetu mabaki ya mchongaji yanachomewa chai. Mimi mpingo wangu naupata hapo hapo, Mwenge kwenye vinyago, kwenye rundo ambalo mchongaji alikuwa alitupe.

Mwaka jana mtengenezaji mmoja wa fimbo wa huko nje alinitafuta baada ya kuona picha za kazi yangu. Nikafurahi. Nikampimia, nikampigia hesabu ya vikalio 40 vilivyokamilika, vimetobolewa na kung'arishwa. Akajibu kwa upole kwamba kazi ni nzuri, ila yeye angependa nimtumie mpingo tu, vipande vya mraba, atakereza mwenyewe. Simlaumu, karakana ni yake. Lakini nikajiuliza ni kwa nini ombi lile halikumpitia kichwani kama tusi hata kidogo. Kwa sababu ndivyo tulivyowazoesha. Tangu lini mtu akaja kwetu kununua kilichokwisha?

Wengine watasema serikali, vibali, mikataba ya kimataifa, hatuwezi. Tusome basi, si ndiyo kazi yetu ya kichwa? Jamii nzima ya miti ya Dalbergia, mpingo ukiwemo, iliingizwa kwenye Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES kuanzia tarehe 2 Januari 2017. Watengeneza ala za muziki wakapiga kelele, na mwaka 2019 masharti yakarekebishwa: ala zilizokamilika zikaachiwa, na bidhaa nyingine zilizokamilika pia zikaachiwa ili mradi mzigo usizidi kilo 10 za mti huo. Someni tena. Zilizokamilika. Kipande ghafi kinataka kibali cha CITES; kikalio cha rili kilichong'arishwa, ndani ya kilo 10, hakitaki. Mpingo ulioko kwenye mpini wangu mmoja haufiki gramu 100. Pigeni hesabu ni mipini mingapi inatosha kwenye mzigo mmoja. Vibali vya hapa nyumbani vinabaki palepale, na mti lazima uwe na asili halali, hilo halina mjadala. Ila mkataba wenyewe unampendelea anayemaliza kazi, na sisi ndio tumesimama upande wa ghafi.

Na usidhani mbao halali haipatikani. Vijiji vya Kikole na Kisangi kule Kilwa vilipata cheti cha FSC mwaka 2009 kwa misitu yao ya asili, jambo ambalo halikuwa limefanywa na jamii yoyote Afrika. Hao ni wanakijiji. Sisi wenye shahada tuko wapi kwenye mnyororo huo? Baada ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003 magogo ya kusini yalitoka kwa fujo, na ripoti ya TRAFFIC ya mwaka 2007 ilieleza jinsi mapato yalivyokuwa yakiyeyuka. Sisi waandishi tulipiga kelele sana kuhusu magogo kutoka. Tungepiga nusu ya kelele hizo kuhusu nani atayakereza, labda leo nisingekuwa najadiliana na jirani dirishani.

Tumekuwa taifa la semina za ujasiriamali. Kila ukumbi una mtu mwenye kipaza sauti anayewaambia vijana wathubutu. Wathubutu nini? Toka nje ya ukumbi uwahesabu waliothubutu: huyu ananunua Guangzhou anauza Kariakoo, yule ananunua Kariakoo anauza mtandaoni. Sina ugomvi na biashara, watu wanakula. Ila katika semina nilizokwenda kuandika habari zake sijawahi kuona hata moja ambapo mtu alitoa tupa mfukoni akasema, haya, tuanze. SIDO ilianzishwa mwaka 1973, VETA ipo kwa sheria ya mwaka 1994, lakini msomi akizitaja ni kwa ajili ya mtoto wa dada yake aliyefeli.

Na sasa tunakwenda kurudia. Tangu mwaka 2024 kuna mkondo wa amali kuanzia kidato cha kwanza. Kwenye karatasi ni jambo jema kabisa, na wakongwe watakumbuka kwamba Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 nayo ilikuwa jambo jema kwenye karatasi. Nimewasikia wazazi wakiongea kwenye daladala, na nimewasikia wenzangu wenye magari wakiongea ofisini. Kauli ni moja: amali ni kwa wale wengine. Hakuna hata mmoja niliyemsikia akisema mwanangu ana akili sana, nitampeleka amali. Siku nikilisikia hilo nitajua kuna kilichobadilika. Kabla ya hapo tunajenga karakana za kuwafungia watoto wa maskini tukiziita mageuzi.

Najua hoja iliyobaki: China atatengeneza kwa bei rahisi. Atatengeneza, na atengeneze! Fimbo zake ziko Kariakoo na ninazinunua, nazivua mpini wa plastiki, nazivika wangu. Nisipokuwa na koki natumia kandambili kuukuu. Zile laini zenye spongi ni za aina ileile ya malighafi wanayotumia viwanda vikubwa kwenye mipini ya bei ghali. Unatoboa duara, unapanga, unagundisha, unasugua kwa msasa drili ikizunguka. Rangi zikichanganyika, nyekundu, bluu, kijani, watoto wanaupenda kuliko koki. Hata vizibo vya mvinyo kutoka hotelini vinafaa, ingawa vina milimita 24 tu, vyembamba kidogo, kwa hiyo hivyo naviwekea mikono midogo.

Baba mdogo amerudi mara moja tangu siku ile. Hakusema kitu kuhusu usomi. Aliuchukua mpini mmoja uliokuwa mezani, akaukamata, akabadilisha mkono, akaukamata tena, akauliza huu ni wa nani. Nikamwambia wa mzee mmoja wa Kigamboni mwenye ugonjwa wa viungo. Akanyamaza, akautazama mkono wake mwenyewe. Kisha akaomba maji ya kunywa.

Jumamosi hii naenda Mwenge kutafuta mabaki. Kuna vijana wawili wa chuo wameomba kuja kujifunza, na nafasi ya mtu wa tatu ipo. Njoo na barakoa, maana vumbi la mpingo linawasha mapafu na ngozi, na njoo na spiriti, kwa sababu mti ule una mafuta na usipoufuta kwanza gundi haishiki. Ukitoboa, toboa taratibu na uchomoe keekee mara kwa mara, ukipata moto unapasuka. Drili tutaiwasha saa nane mchana. Jirani nimeshamwambia.